Ni hedhi au mimba imejipandikiza? Mwongozo kamili wa kuitambua damu uliyoiona

Umeona matone ya damu kwenye chupi siku chache kabla ya tarehe zako. Anayetafuta mtoto ataomba iwe mimba, asiyetaka ataomba isiwe, na wote wawili wataishia kuikagua ile rangi kwenye tishu kwa nusu saa nzima. Nitangulize lile ambalo kurasa nyingi hulificha mwishoni: rangi na wingi wa damu havikupi jibu. Vinakuelekeza tu. Jibu hutoka kwenye tarehe na kipimo, na hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili ufike siku sahihi ya kupima bila kupitwa na dalili ya hatari njiani.

Kinachoendelea ndani ya mwili

Yai likishatoka kwenye ovari huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za kiume zinaweza kulisubiri ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Yai likirutubishwa kwenye mrija, kiinitete husafiri polepole kuelekea mji wa mimba huku kikigawanyika, kisha hujichimbia kwenye utando laini unaofunika ukuta wa ndani. Tendo hilo ndilo kujipandikiza, na hutokea kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka. Kwa wanawake walio wengi huwa siku ya 8, 9 au 10. Utando huo umejaa mishipa midogo sana ya damu, ndiyo maana watu hueleza kwamba ikiguswa hutoa matone.

Hedhi ni habari nyingine. Mimba isipoingia, kile kifuko kilichobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka hunyauka, homoni ya projesteroni hushuka, na utando wote hubomoka na kutoka kwa siku kadhaa. Kwa kuwa unaobomoka ni utando mzima, hedhi ina mwendo wake: huanza, hupanda, kisha hupungua. Ukumbuke mwendo huo, tutaurudia.

Maelezo ya mishipa kuguswa yanavutia, lakini hayajathibitishwa vizuri. Katika utafiti uliofanyika North Carolina, Marekani, miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakitafuta mimba walikusanya mkojo wao kila siku na kuandika kila damu waliyoiona. Matokeo kuhusu damu yalichapishwa mwaka 2003. Kati ya mimba 151 zilizopita wiki ya sita, wanawake 14 tu, yaani asilimia 9, waliona damu katika wiki 8 za mwanzo. Damu hiyo ilielekea kuja karibu na siku ambazo wangetarajia hedhi, na mara chache sana iliangukia siku yenyewe ya kujipandikiza. Wengi wa hao 14 walijifungua salama.

Maana yake kwako ni hii: damu chache mwanzoni mwa mimba ipo, hata kama sababu yake si ile inayosimuliwa kila mahali. Lakini si ya kawaida kiasi cha kuingojea kama ishara. Wanawake wengi hushika mimba bila kuona tone lolote. Ile takwimu ya mwanamke mmoja kati ya wanne inayozungushwa mitandaoni inakaribiana na ya wote wanaotokwa na damu katika miezi mitatu ya kwanza kwa sababu yoyote ile, siyo ya damu ya kujipandikiza peke yake.

Hatua ya 1: Tafuta siku yai lilipotoka

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo watu huruka.

Chukua kalenda. Andika siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho iliyokuwa ya kawaida kabisa, siyo matone. Jumlisha urefu wa mzunguko wako upate siku unayotarajia hedhi ijayo, kisha rudi nyuma siku 14. Hapo ndipo yai lilipotoka, kwa makadirio. Nasema makadirio kwa sababu muda kati ya yai kutoka na hedhi hutofautiana, takriban siku 10 hadi 16 kwa wanawake walio wengi. Kama ulitumia vipimo vya mkojo vya kutambua yai kupevuka, au unapima joto la mwili kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, una taarifa bora kuliko hesabu ya kalenda. Tumia hiyo.

Tuseme mzunguko wako ni siku 28. Hedhi ilianza siku ya 1, ijayo ni siku ya 29, yai limetoka karibu na siku ya 15. Kujipandikiza kunaangukia siku ya 21 hadi 27, hasa ya 23 hadi 25. Damu ya siku ya 24 inaweza kuwa inahusiana na mimba. Ya siku ya 14 au 15 haiwezi: hiyo inaelekea kuwa matone ya yai kutoka, ambayo baadhi ya wanawake huyaona kila mwezi. Ya siku ya 29 inaweza kuwa lolote kati ya mawili, na hapo kalenda imefika mwisho wa uwezo wake.

Sasa chukua mwenye mzunguko wa siku 35. Yai lake hutoka karibu na siku ya 22, na kujipandikiza huwa hasa siku ya 30 hadi 32. Akijipima kwa mzunguko wa siku 28 wa kwenye vitabu, atasema "nimechelewa, sasa hedhi imekuja lakini kidogo," kumbe hajachelewa hata siku moja. Mkanganyiko mwingi huanzia hapo, kwenye kutumia mzunguko wa mtu mwingine.

Angalia pia siku mliyokutana kimwili. Mtu amejamiiana Jumamosi, Jumatatu akaona damu, usiku huo anauliza kama mimba imejipandikiza. Haiwezekani kwa tendo la Jumamosi ile. Zinahitajika angalau siku 6 tangu yai lirutubishwe. Damu inayokuja siku moja au mbili baada ya tendo mara nyingi hutoka kwenye mlango wa kizazi au ukeni, na ikijirudia inahitaji daktari, siyo kipimo cha mimba.

Kama mizunguko yako haina mpangilio, usijitese kwa hesabu hizi. Nenda moja kwa moja hatua ya 4, kuna kanuni yako pale.

Hatua ya 2: Itazame damu kwa saa 24 hadi 48

Vaa pedi, hata kama ni matone tu, ili uone kiasi. Usitumie tamponi wala kikombe cha hedhi kwa sasa, kwa sababu vitakuficha kile unachotaka kukijua. Kisha fuatilia mwendo.

Mwendo ndio dalili ninayoiamini kuliko rangi. Hedhi ikianza kwa matone ya kahawia asubuhi, kufikia kesho yake huwa imeshika: imekuwa nyekundu, inalowanisha pedi, unalazimika kubadilisha. Damu inayohusiana na mimba changa haipandi. Inakuja kidogo, pengine unaiona tu unapojifuta, inakata, inaweza kurudi, na huisha ndani ya saa chache au siku moja hadi mbili, mara nyingine tatu. Pedi haijai. Mabonge hayapo. Ukiona mabonge na unabadilisha pedi kila baada ya saa chache, acha kuifikiria damu ya kujipandikiza. Ni hedhi, au ni jambo jingine linalohitaji kuangaliwa.

Hedhi ya kawaida huchukua siku 2 hadi 7, na wanawake wengi hupoteza mililita 30 hadi 40 hivi za damu kwa mwezi. Hata hivyo wapo ambao hedhi yao ni ya siku mbili na nyepesi, na tofauti ya wingi haiwasaidii. Jilinganishe na hedhi zako mwenyewe za miezi mitatu iliyopita, siyo na maelezo ya mtu mwingine, hata haya yangu.

Na rangi? Waridi au kahawia husemwa kuwa ni mimba, nyekundu kuwa ni hedhi. Ukweli wake ni nusu. Damu huwa ya kahawia ikikaa muda mrefu kabla ya kutoka, na huwa ya waridi ikichanganyika na ute wa ukeni. Kwa hiyo rangi hukuambia damu inatoka kwa kasi gani, haikuambii imetoka wapi. Siku ya kwanza na ya mwisho ya hedhi ya kawaida kabisa inaweza kuwa ya kahawia. Kupiga picha ya pedi na kuituma kwenye kundi la marafiki wapige kura ni kujiongezea wasiwasi bure.

Hatua ya 3: Pima maumivu, na usihesabu dalili zinazodanganya

Maumivu ya hedhi husababishwa na kemikali zinazoitwa prostaglandini, zinazoufanya mji wa mimba ubane ili utoe utando. Huuma chini ya kitovu, hushuka mapajani au mgongoni, na kwa wengi huongezeka damu inapoongezeka. Wanaoona matone mwanzoni mwa mimba mara nyingi husimulia mibano midogo au hali ya kuvutwa kwenye kinena inayokuja na kupita. Tofauti hii ni dhaifu, iandike kwenye kalenda yako na uendelee.

Matiti kuuma, tumbo kujaa, uchovu, kununa bila sababu: havitenganishi chochote. Vyote huletwa na projesteroni, ambayo iko juu katika siku za kabla ya hedhi, mimba iwepo au isiwepo. Kichefuchefu nacho kwa kawaida huanza wiki kadhaa tangu hedhi ya mwisho, karibu na wiki ya sita. Anayetapika siku ileile ya matone, wiki moja baada ya yai kutoka, ana sababu nyingine.

Wanaopima joto la mwili wana faida kidogo hapa. Baada ya yai kutoka, joto hupanda kwa kiasi kama nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, na hushuka hedhi inapokaribia. Likibaki juu siku 18 au zaidi, mimba ina uwezekano mkubwa.

Hatua ya 4: Pima kwa wakati

Kipimo cha mkojo hutafuta homoni ya hCG, na mwili huanza kuitoa kwa wingi baada ya kiinitete kujipandikiza. Katika siku za mwanzo huongezeka takriban mara mbili kila baada ya saa 48 hadi 72. Sasa fikiri: kama matone uliyoyaona leo kweli ni ya kujipandikiza, basi hCG ndiyo kwanza inaanza, na kipimo cha leo kitasema hakuna mimba hata kama ipo. Wengi hupima siku ya matone, wanapata mstari mmoja, wanafunga mjadala. Wamepima mapema mno.

Subiri angalau siku 4 au 5 baada ya matone, au vizuri zaidi, hadi siku ya kwanza ya kukosa hedhi uliyoitarajia. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa kuwa homoni iko nyingi zaidi ndani yake, na usinywe maji mengi kabla. Soma tarehe ya kuisha muda kwenye pakiti. Soma pia karatasi ya maelekezo, maana muda wa kusubiri hutofautiana kati ya kipimo na kipimo. Weka saa.

Mstari wa pili hafifu ulioonekana ndani ya muda ulioelekezwa ni jibu la ndiyo. Uliojitokeza baada ya muda huo kupita, kipimo kikiwa kimeshakauka, usiuhesabu. Ndiyo maana kipimo ulichokitoa kwenye pipa la taka jioni hakina ushahidi wowote.

Ukipata hapana na hedhi haijaja, rudia baada ya siku 2 au 3, kisha tena wiki moja baada ya tarehe uliyotarajia hedhi. Ikiwa bado hapana na hedhi bado haijaonekana, nenda kwa mhudumu wa afya. Kipimo cha damu hugundua kiwango kidogo zaidi cha hCG kuliko cha mkojo, na kikirudiwa baada ya saa 48 huonyesha kama homoni inapanda inavyotakiwa.

Wenye mizunguko isiyotabirika, wanaonyonyesha, au ambao hawakumbuki tarehe: pimeni siku 21 baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga. Kanuni hii haihitaji kujua lini yai lilitoka.

Wapo ambao kipimo kinaweza kuwadanganya kwa upande wa ndiyo: aliyepoteza mimba au kujifungua karibuni, kwani hCG hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, na aliyechomwa sindano ya hCG katika matibabu ya uzazi. Hao wafuate ratiba ya kliniki yao.

Na ukiona hedhi kamili, ya mwendo wako wa siku zote? Kwa kawaida habari imeishia hapo. Lakini ikiwa ilikuwa fupi au nyepesi kuliko ulivyozoea, pima. Kipimo kimoja ni rahisi kuliko mwezi mzima wa kujiuliza.

Hatua ya 5: Angalia sababu nyingine

Orodha ya vinavyoleta matone katikati ya mzunguko ni ndefu, na nyingi hazihusiani na mimba. Ya kwanza kuulizwa ni uzazi wa mpango: vidonge, sindano, kijiti na kitanzi vyote huweza kuleta matone, hasa miezi ya mwanzo, na kidonge ulichosahau jana kinatosha. Kidonge cha dharura huvuruga mzunguko mmoja: kinaweza kuleta matone ndani ya siku chache na kuiwahisha au kuichelewesha hedhi. Matone hayo siyo uthibitisho kwamba kidonge kimefanya kazi, ingawa wengi huyachukulia hivyo. Hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7, pima.

Kisha kuna maambukizi kama klamidia na kisonono, vinyama kwenye mlango wa kizazi, uvimbe wa mji wa mimba, matatizo ya tezi ya shingo, na mabadiliko ya kukaribia kukoma hedhi. Saratani ya mlango wa kizazi nayo huweza kujitokeza kwa damu baada ya kujamiiana au katikati ya mzunguko. Damu ya namna hiyo ikijirudia, uchunguzwe. Usiendelee kuipa jina la kujipandikiza kila mwezi. Hata hesabu inakataa.

Damu ambayo haisubiri hatua yoyote

Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, mara nyingi kwenye mrija, ni mimba 1 hadi 2 kati ya kila 100. Nayo huanza kwa matone machache ya kahawia na kipimo kinachosema ndiyo, yaani sura ileile watu wanayoisherehekea kama mimba kujipandikiza. Kwa kawaida hujionyesha kati ya wiki ya 6 na ya 8 tangu hedhi ya mwisho, ingawa inaweza kuwa mapema au baadaye kidogo. Mrija ukipasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo ambako huioni. Kwa hiyo usipime hatari kwa wingi wa damu kwenye pedi.

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiwa na maumivu makali ya tumbo hasa upande mmoja, maumivu kwenye ncha ya bega yasiyo na sababu, kizunguzungu au kuzirai, jasho la baridi, au damu inayojaza pedi mbili kwa saa kwa saa mbili mfululizo. Homa pamoja na damu na uchafu wenye harufu mbaya nayo haingoji kesho. Aliyewahi kupata mimba ya nje ya mji wa mimba, aliyefanyiwa upasuaji wa mirija, au aliyeshika mimba akiwa na kitanzi asisubiri maumivu: kipimo kikisema ndiyo, aende kuangaliwa mapema.

Damu baada ya mimba kuthibitishwa huweza pia kuwa dalili ya mimba inayotishia kutoka, au mara chache, mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo hukua kama kichala cha zabibu. Wengi wanaotokwa na damu kidogo huendelea vizuri hadi kujifungua, lakini anayeweza kukuambia hivyo ni mhudumu aliyekupima. Akikuuliza kundi lako la damu, mjibu kama unalijua. Mwenye kundi lenye alama ya hasi huenda akahitaji sindano maalumu.

Baada ya jibu la ndiyo

Kabla hujaondoka nyumbani kwenda kliniki, rudi kwenye kalenda yako. Utaulizwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na umri wa mimba utahesabiwa kuanzia hapo. Ukitaja siku ya yale matone, mimba itaonekana changa kwa wiki tatu hadi nne kuliko ilivyo, na tarehe ya kujifungua itasogezwa mbele kwa kiasi hichohicho. Vipimo vyenye wiki maalumu vitapangwa vibaya, na mwishoni mimba iliyopitiliza inaweza kudhaniwa bado haijafika. Taja tarehe zote mbili, ya hedhi iliyokuwa kamili na ya matone, na useme ipi ni ipi. Kama huna uhakika, omba ultrasaundi kabla ya wiki ya 14, kwa sababu kipindi hicho kipimo cha urefu wa mtoto hutoa umri wake kwa tofauti ya siku chache tu.

Taja pia dawa zote unazotumia, hasa za kifafa, za chunusi kali na za shinikizo la damu. Usiziache mwenyewe kabla ya kuongea na daktari, na usingoje miadi ya mwezi ujao kuziulizia. Asidi ya foliki unaweza kuanza leo, mikrogramu 400 kwa siku kwa walio wengi. Wenye kifafa, kisukari, au waliowahi kuzaa mtoto mwenye tatizo la uti wa mgongo huandikiwa kiwango kikubwa zaidi, na hicho ni cha kuandikiwa na daktari.